Prado Kuukuu Ifike Banissa na Irudi: Mwongozo kwa Mwenye Pesa Kidogo na Tamaa Nyingi

Kuna mwalimu, daktari au mfanyabiashara wa Banissa anayenunua Prado ya zamani Nairobi, ile iliyotoka kati ya 1996 na 2002, kwa kuwa bei yake sasa inaingilika. Kabla ya kuipeleka nyumbani anaipitisha Kirinyaga Road kuipamba. Inatoka huko na rimu za inchi 20, taa ndefu juu ya paa, vioo vyeusi tii na spika za kutetemesha maduka. Inafika Moyale ikiwa bibi harusi. Inaingia Takaba ikivutwa na lori la mbuzi.

Mwongozo huu ni wa kumwokoa mtu huyo. Namcheka kweli, na namtakia heri kweli, kwa sababu gari lake likishafika Banissa halitakuwa lake peke yake. Litabeba maji ya jirani, mzee wa kwenda kliniki na watoto wa shule. Pesa yoyote anayoitia kwenye mapambo anawanyang'anya abiria hao.

Kwanza aijue njia. Banissa iko Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kutoka Nairobi, lami inakufikisha Moyale kupitia Isiolo na Marsabit, kisha unageukia mashariki kuelekea Takaba, na hapo ndipo gari linapoulizwa maswali. Ule mradi mkubwa wa barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 750 mwaka 2020, umepangiwa kupitia Elwak na Rhamu. Banissa itabaki pembeni. Kwa hiyo anayeahirisha matengenezo akingoja lami ataahirisha mpaka gari liwe banda la kuku. Wauza magari hutenganisha gari la kwendea kazini na gari la porini, lakini Banissa njia ya kwenda kazini ndiyo pori lenyewe.

Anza chini, mahali ambapo hakuna atakayekusifia. Prado hizi zina ugonjwa ambao kila fundi mzoefu anaujua: boljointi ya chini ya gurudumu la mbele. Imeundwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta kuichomoa, badala ya kuikandamiza mahali pake. Ikichakaa, siku moja kichwa chake kinatoka kwenye kikombe, gurudumu linalala ubavu na bampa linaanza kulima barabara. Ukiwa na bahati, hilo litatokea ukikata kona sokoni. Usipokuwa nayo, utakuwa kwenye mteremko na familia nzima ndani.

Kuikagua hakuhitaji karakana. Weka jeki chini ya mkono wa chini, uinue mpaka gurudumu liwe hewani, kisha mtu mmoja apenyeze mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua taratibu, huku mwingine ameinama na tochi akitazama boljointi. Mchezo wowote unaouona kwa macho, hata wa unene wa ukucha, ni hukumu. Badilisha pande zote mbili, pamoja na bolti nne za kila upande, na ununue ile halisi ya kiwandani hata kama muuzaji anakuapia kwamba ya nusu bei ni pacha wake. Boljointi mbili halisi zinakusogeza salama zaidi kuliko vyote vilivyowahi kuchomelewa mbele ya Prado. Ungeweza kuacha kusoma hapa na mwongozo ungekuwa umefanya kazi yake.

Baada ya miguu, joto. Nyingi ya Prado hizi za dizeli zina injini ya 1KZ-TE, lita 3, yenye tabo. Ni injini yenye nguvu nzuri, lakini silinda hedi yake ikichemka hupasuka, na ikipasuka Banissa utajua thamani ya lori la mbuzi. Joto la Mandera hupita nyuzi 35, upepo unatoka nyuma, gari limejaa, na wewe uko gea ya pili kwenye mchanga. Hapo kila udhaifu wa redieta unajitokeza.

Toa redieta uipeleke kwa fundi afungue na kusafisha njia zake. Ikiwa zimeziba sana, nunua mpya. Nje yake, katikati ya mapezi, utakuta mbegu za nyasi, vumbi na mabawa ya panzi. Safisha kwa maji au upepo unaotoka upande wa injini kwenda nje, maana ukisukuma kutoka mbele unashindilia uchafu ndani zaidi. Angalia klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa lakini bado ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kama haina mwenyewe, imekwisha. Badilisha hosi zote, hata zile zinazoonekana nzima. Ndani weka kulanti, na uache kabisa tabia ya kujaza maji ya kisima. Visima vingi vya Kaskazini Mashariki vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo inaganda kwenye njia za redieta ileile uliyotoka kuilipia.

Halafu funga kipimo cha joto cha pembeni chenye king'ora. Mshale wa dashibodi wa magari haya umefundishwa upole: unatulia katikati hata joto likiwa linapanda, na ukianza kusogea, madhara yameshaingia. King'ora hicho hakipendezi, na wageni watauliza ni cha nini. Waeleze.

Sasa tairi, ambapo ujinga ni mwingi na gharama ni kubwa. Rimu za inchi 20 ziuze. Uziuze leo, kwa yeyote anayeishi Nairobi na anayezunguka kati ya Kilimani na Lavington. Rudisha inchi 16 na tairi za 265/70, saizi ambayo Prado hizi zimeizoea, na inayoweza kupatikana Moyale, Mandera au kwa dereva mwenzako njiani. Ubavu mrefu wa tairi ndio unaomeza mawe, na ndio unaokuwezesha kupunguza upepo. Ukifika kwenye laga lenye mchanga, yaani mkondo wa mto wa msimu, shusha kutoka PSI 35 hadi karibu 20 na gari litapita mahali ambapo lilikuwa linajichimbia kaburi. Ukivuka, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi laini kwenye mawe hukatika ubavu na kwenye lami huchemka. Pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri kwa hiyo ni ya lazima. Kijana anayeringa kwa winchi na hana pampu amenunua mwisho wa kitabu bila mwanzo wake.

Tairi za matope zenye meno makubwa ziache dukani. Zitakupigia kelele kutoka Isiolo hadi Moyale, zitakula dizeli, na breki zake kwenye lami yenye mvua ni za kumwombea mtu. Za mchanganyiko, zenye ubavu mgumu wa kuhimili mawe na miiba ya migunga, zinatosha mwaka mzima. Beba mbili za akiba. Na kile kigongo kidogo kando ya gea, ambacho wenye Prado wengi hukitumia kutundikia tasbihi, kina kazi: kinafunga difa ya katikati ili mbele na nyuma zivute pamoja. Kitumie kila mara katika ardhi laini, hata kama hujakwama, la sivyo kitaganda, na siku ya kukihitaji kitakukatalia.

Kuinua gari ni ugonjwa mwingine. Sentimita 5 zinafaa: tumbo la gari linaepuka mawe na tuta la katikati ya njia. Ukipita hapo, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, mipira inayofunika jointi zake inachanika, vumbi linaingia kwenye grisi na jointi inaanza kugonga kila unapokata kona. Zaidi ya hayo, gari refu huyumba, na barabara hizi zina mashimo ya kutosha kuyumbisha hata fupi. Springi za nyuma utakazochagua nitazirudia, kwa kuwa kuna mtu wa kuulizwa kwanza.

Snokeli nayo. Ni kifaa kizuri sana kwa sababu ambayo hakuna anayeitaja akikinunua: kinavuta hewa ya juu, mbali na wingu la vumbi la gari lililo mbele. Kwa hilo peke yake kinastahili bei yake, ilimradi fundi azibe vizuri pale kinapoungana na sanduku la filta. Nyingi zinazofungwa haraka zina mwanya hapo, na injini inaendelea kunywa vumbi lilelile huku bomba limesimama nje kwa maonyesho. Filta yenyewe itoe uikung'ute mara kwa mara msimu wa kiangazi.

Lakini bomba hilo lisikupe ujasiri wa kuvuka laga lenye maji. Maji yanayokwenda kasi, ya kina cha sentimita 60 tu, yanaweza kulibeba gari la aina hii, na gari linaloelea halijali hewa linaivuta wapi. Desemba 2021 basi lilisombwa na Mto Enziu, Kitui, likiwa limebeba watu waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Aprili 2024 basi jingine lilinaswa na mafuriko pale Tula, kwenye barabara ya Garissa, na abiria 51 wakaokolewa kwa boti. Mabasi hayo yalikuwa mazito kuliko Prado yoyote. Laga likijaa, zima injini, pika chai, ngoja. Maji ya laga huondoka kwa saa, pengine kwa siku moja, na hakuna mkutano Banissa usioweza kungoja hivyo.

Paa lisipakiwe. Mitungi kumi ya maji ya lita 20 ni kilo 200 juu ya kichwa chako, na gari litaegemea upande kila gurudumu moja linapozama. Maji yakae sakafuni, yafungwe kamba. Keria ibebe vitu vyepesi: magodoro, mikeka, mabeseni ya harusi.

Taa ndefu za juu ya paa pia zishuke. Kwenye vumbi mwanga wa juu unarudi machoni mwako na huoni kitu. Taa mbili za manjano karibu na bampa zinaona chini ya vumbi. Na bora kuliko taa ni kutotembea usiku. Ngamia ana miguu mirefu, ukimgonga mwili wake unaingia kwa kioo cha mbele, na mbali na ngamia kuna suala la usalama ambalo kila msafiri wa Mandera analijua. Kwa sababu hiyohiyo, bandua karatasi nyeusi kwenye vioo. Askari wa kizuizini anataka kuona nyuso na mikono, na ana haki ya kutaka.

Dizeli ya kwenye mapipa inakuja na maji na mchanga. Weka filta ya ziada yenye kikombe cha kutenganisha maji, uimwage kila wiki, na umimine mafuta kwa faneli yenye chujio. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Sasa springi za nyuma. Msimu wowote, saa nane ya usiku, mlango wako utabishwa: "Mwalimu, samahani, mama amezidiwa." Mwenye gari mjini hapa ndiye mwenye ambulansi wakati ile ya hospitali iko safarini. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliiweka Mandera kwenye vifo 3,795 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote Kenya. Umbali na barabara vina sehemu yao katika idadi hiyo, na ndiyo maana naomba usifunge zile springi ngumu za kubebea mawe. Mama mwenye uchungu wa uzazi anahisi kila jiwe. Chagua springi za uzito wa kati, na pesa yako uiweke kwenye shoki nzuri nne, zinazostahimili joto la barabara yenye mikunjo kwa saa nzima bila kuchoka.

Ng'oa viti vya safu ya tatu, vile vinavyoning'inia pembeni. Hakikisha viti vya kati vinalala bila kung'ang'ania, na ujaribu mwenyewe kulala pale nyuma huku mwenzako akiendesha hadi sokoni. Utajifunza mengi kuhusu shoki zako kwa dakika kumi. Weka godoro jembamba lenye kifuniko cha kuosheka, mkanda wa kumzuia mgonjwa asiteleze, ndoano imara ya kutundikia dripu juu ya dirisha, na taa ndogo ya ndani inayomwezesha mkunga kuona anachofanya. Mpira wa mlango wa nyuma ubadilishwe, maana vumbi linaingilia hapo kwanza. Vitu hivi vyote kwa pamoja ni rahisi kuliko spika.

Kilichobaki ni sanduku la spea: boljointi moja ya ziada, hosi mbili za redieta, fenibelti, filta za dizeli, kulanti, viraka na plagi za tairi, sepetu, kamba nene ya kuvutia, na ubao wa kuweka chini ya jeki, kwa kuwa jeki kwenye mchanga huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Mfungulie fundi wa Banissa sanduku hilo, alijue. Kisha mfundishe mkeo, na kijana mmoja wa jirani, kubadilisha tairi, kushusha upepo na kufunga difa, na uwaache wafanye wenyewe huku wewe umeweka mikono mfukoni. Siku mlango utakapobishwa ukiwa Nairobi kwenye semina, ufunguo uko juu ya kabati na gari linapaswa kuondoka.