Mtaalamu wa Mitindo Yote Ahutubia Same

Mtaalamu alianza kwa kuwapa pole wananchi wa Same, kwa kuwa elimu aliyokuja nayo ilikuwa nyingi kuliko muda waliompa. Muda wenyewe hakuna aliyempa. Alipanda juu ya kreti la soda jirani na stendi, pale abiria wa mabasi ya Arusha na Dar es Salaam wanaposhuka kunyoosha miguu, akakohoa mara mbili, akajitambulisha: bingwa, mwamuzi, mshauri na mwanahistoria wa mapigano ya mitindo yote, ya ndani na ya ng'ambo. Vyeti hakuonyesha. Alisema ujuzi wa kweli hauingii kwenye bahasha ya kaki.

Tangu hapo hakusema "mimi" tena. Alisema "Mtaalamu anaona", "Mtaalamu ameshangazwa", "Mtaalamu ana kiu", na kwa hilo la mwisho bibi mmoja muuza chai akamsogezea kikombe cha tangawizi iliyolimwa Mamba.

Hoja yake ilikuwa kubwa. Mashindano ya dunia ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, yaani ngumi, judo, karate, mieleka na kung fu katika ulingo mmoja, yahamie Same. Si Same ya Mkoa wa Kilimanjaro, maana vibali vina mlolongo. Same hii hii, ila iwe mji mkuu wa taifa jipya, Jamhuri ya Shengena, itakayoanzia kilele cha Shengena, mita 2,463, juu ya msitu wa Chome, na kuishia nyika za Mkomazi wanakolindwa faru weusi. Faru hao watalinda mpaka. Umoja wa Mataifa utaarifiwa baadaye.

Kijana wa bodaboda akauliza kwa adabu kwa nini iwe nchi isiyokuwepo.

Mtaalamu alimtazama kwa huruma. Kwani yeye hajawahi kuingia kibanda umiza kutazama sinema? Mashindano yote makubwa, alieleza, yamefanyika katika nchi zisizokuwepo. Aliitaja Enter the Dragon ya mwaka 1973: wababe wa kila namna wanaalikwa kwenye kisiwa cha Bwana Han, kisiwa ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Picha ilipigwa Hong Kong, na Bruce Lee akafariki huko huko tarehe 20 Julai 1973, kabla haijaanza kuonyeshwa. Stelingi, alisema Mtaalamu, hafi ndani ya picha. Nje ya picha ni suala la madaktari. Akaendelea na Bloodsport ya mwaka 1988, ambayo Jean-Claude Van Damme anaigiza maisha ya Frank Dux, Mmarekani aliyedai kuwa alishinda mashindano ya siri yaitwayo Kumite. Mwaka huo huo gazeti la Los Angeles Times lilifuatilia madai hayo, likaona mengi hayashikiki, na hata kombe la ushindi likahusishwa na duka la makombe la huko huko California.

"Kwa hiyo, Mwalimu, kombe lilikuwa la kununua?"

"Kijana, kila kombe ni la kununua. Tofauti ni nani kalipa."

Ni lazima isemwe kwa haki kwamba Mtaalamu alipotoka kwenye sinema na kuingia kwenye kumbukumbu za kweli, alikuwa na la kusema. Aliwapeleka wasikilizaji Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, usiku wa UFC ya kwanza. Wapiganaji wanane, kila mmoja na mtindo wake, bila kugawanywa kwa uzito. Pambano la kwanza lilimkutanisha Teila Tuli, mwanasumo mwenye kilo zaidi ya 180, na Gerard Gordeau, Mholanzi wa savate. Tuli alimvamia, akaanguka, akala teke la uso, jino likaruka nje ya ulingo. Sekunde 26, kwisha habari. Bondia Art Jimmerson alipanda ulingoni na glovu moja tu, mkono mmoja umevaa, mwingine mtupu. Mtaalamu alilisifu hilo kama mchanganyiko wa mitindo ndani ya mtu mmoja. Jimmerson alipokutana na Royce Gracie, Mbrazili mwembamba aliyevaa koti la judo, aliangushwa, akakaliwa kifuani, akasalimu amri bila hata kukabwa. Gracie akamshinda Ken Shamrock, kisha katika fainali akampiga Gordeau kabali ya nyuma. Watu watatu kwa usiku mmoja.

Sasa, nani aliyaandaa mashindano hayo? Miongoni mwa waandaaji alikuwamo Rorion Gracie, kaka yake Royce. Mtaalamu aliinua kidole. Hakusema kulikuwa na hila; alisema tu kwamba familia ilijua mapema kilichosahauliwa na wengine wote, kwamba bondia akiangushwa chini amebaki abiria. Mpiga ngumi hashindiki pale zinaporuhusiwa ngumi tu. Mwanajudo hashindiki mwenzake akiwa na koti la kushikwa. Wakichanganywa, anayeshinda ni yule aliyemtoa mwenzake kwenye mchezo aliouzoea. Na kanuni ndizo zinazoamua ni nani atatolewa.

Ili wasije wakamwona mpenda ya kigeni, Mtaalamu aliwahesabia wa nyumbani. Titus Simba, medali ya fedha ya ngumi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, 1970. Michael Yombayomba, dhahabu, Kuala Lumpur, 1998. Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham mwaka 2018, Waingereza wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Karate ya Goju Ryu ilipata mizizi Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, na judo ikapata makao Zanzibar kwa Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Wote hao Mtaalamu aliwapongeza kana kwamba walikuwa wakisubiri pongezi zake.

Ila kwa mashindano yenye kanuni za wenyeji, alisema, hakuna yanayoifikia Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, kila Julai. Pande mbili za mji, kaskazini na kusini, zinachapana kwa magogo ya migomba, zikimwaga kinyongo cha mwaka mzima, wanawake wakipita na nyimbo za kejeli. Kisha watu wanakula pamoja. Hakuna majaji, hakuna mkanda, hakuna aliyewahi kukata rufaa.

"Hapo Mpare hawezi kushiriki," alisema Mchaga mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Moshi. "Bila rufaa atacheza nini?"

Wapare wa Same walicheka kuliko yeye. Utani ni utani.

Mtaalamu aliona wakati wa mafunzo ya vitendo umefika. Alishuka kwenye kreti, akatandika gazeti, akalala chali kwenye vumbi la stendi, miguu juu. Ndivyo, alitangaza akiwa chini, Antonio Inoki alivyompokea Muhammad Ali katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 26 Juni 1976. Bondia bora wa dunia na mwanamieleka bora wa Japani, raundi 15. Inoki alilala chini karibu pambano zima, akipiga mateke ya miguu, na Ali akawa anamzunguka akimwambia asimame, apigane. Hakusimama. Ali alirusha ngumi chache mno, mapaja yakavimba, baadaye ikabidi atibiwe. Matokeo yakawa sare na watazamaji wakachukia. Mtaalamu alionyesha mateke yenyewe. Kwenye teke la tatu ndala yake ya kulia ilichomoka, ikapita juu ya kichwa cha kondakta na kutua kwenye beseni la ndizi mbivu. Hakuifuata. Aliendelea kuhutubia akiwa amelala, mguu mmoja mtupu, akisema Ali mwenyewe alistahili kuielewa mbinu hiyo, maana karibu miaka miwili kabla, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, aliegemea kamba raundi nyingi akimwacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha raundi ya nane.

Basi hapo, akiwa bado chali, Mtaalamu alitoa ugunduzi alioulinda hotuba nzima. Mapigano ya chini hayakuzaliwa Brazili wala Japani. Yalizaliwa Same, Januari 1945.

Kelele za stendi zilipungua kidogo. Wazee walijua anakokwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, utawala wa kikoloni wa Waingereza na baraza la watawala wa jadi wa Upare walianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa madaraja, ikaitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake, mwenye zaidi alipe zaidi. Watu walitaka kiwango kimoja kwa wote, na makadirio yenyewe hawakuyaamini. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi makao ya wilaya hapa Same. Hawakuchoma ofisi wala hawakumpiga mtu. Walikaa. Wakapika, wakalala, wakaja wengine, na serikali iliyojiandaa kwa mikuki ikajikuta inatazamana na watu walioketi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mwana wa Upare, ameyaandika hayo katika kitabu chake Mbiru cha mwaka 1971. Mtaalamu alikitaja kwa heshima, kisha akasema kasoro pekee ya kitabu hicho ni kwamba hakimtaji Inoki.

Alikilinganisha kile kikao na ndiva za kumwagilia zilizo kwenye miteremko ya Upare: ndiva haishindani na mlima, hukusanya maji usiku kucha, asubuhi inafunguliwa, na aliye chini hana la kufanya ila kuyapokea. Mzee mmoja aliyewahi kugombania zamu ya maji alitikisa kichwa kukubali, bila furaha.

"Umewaruka wanawake, mwanangu," alisema bibi wa chai.

Mtaalamu alidai alikuwa njiani kufika huko. Bibi hakumngoja. Kule Usangi, upande wa Upare Kaskazini, wanawake walichoka kubaki na mashamba, watoto na vitanda vitupu wakati waume wako kwenye mgomo. Wakamzunguka ofisa wa serikali, wakampa hiari: ama mgogoro umalizwe, waume warudi nyumbani, ama maofisa wenyewe wawape mimba wote. Tukio hilo limo katika maandishi ya wanahistoria. Kufikia 1947 kodi ya madaraja ilikuwa imefutwa.

Mtaalamu aliketi, akajipangusa vumbi mgongoni, akatamka kwamba pigo la Usangi litaingizwa kwenye orodha ya mapigo ya Jamhuri ya Shengena, isipokuwa halitaruhusiwa dhidi ya mwamuzi.

Kisha akasoma kanuni. Wapiganaji watapimwa kwa mizani ya magunia ya tangawizi. Raundi ya kwanza itapiganwa Same, juani, na ya mwisho milimani Mbaga, kwenye baridi, ili asiwepo wa kudai hali ya hewa imempendelea. Usafiri kati ya raundi ni juu ya mpiganaji. Kukaa chini ni mtindo halali na utapewa pointi. Asiyeridhika atakata rufaa, na asiporidhika na rufaa, atakata rufaa ya rufaa.

"Bingwa wenu atatangazwa na wajukuu," alisema yule Mchaga, basi lake likiwa limeshafika na yeye hapandi.

Likabaki suala la fedha. Mtaalamu alieleza kuwa taifa changa haliwezi kujiendesha kwa makofi, hivyo kila mwananchi aliyesikiliza atachangia sasa hivi, kwa haki, kulingana na uwezo wake. Mwenye duka zaidi, mwenye pikipiki kidogo, mwenye beseni kidogo zaidi.

"Atakayekadiria ni nani?" aliuliza mzee wa zamu ya maji.

"Kamati ya Mtaalamu. Kwa faragha."

Hakuna aliyezomea. Bibi wa chai alivuta kigoda chake, akakaa. Mzee akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki, wakakalia tangi na viti, wakakunja mikono. Hata Mchaga akatafuta jiwe. Waingereza walihitaji miaka kuiacha kodi ya madaraja. Mtaalamu alitangaza kiwango kimoja kwa wote kwa muda mfupi kuliko ule aliosimama Tuli mbele ya Gordeau, na alipoulizwa kiwango hicho ni kiasi gani, akasema ni hiari.

"Hiyo ndiyo bei ya hotuba," alisema bibi. "Chai ni mia tano, na ndizi ulizozitupia ndala utazinunua."