Tajiri Wangu Hana Gari

Mjomba, ile sauti ndefu mliyochangia wewe, mama, shangazi na wengine wote kwenye kundi la ukoo imenifikia. Nimeisikiliza hadi mwisho, pamoja na pale mbuzi wa jirani alipotoa hoja yake. Ombi nimelielewa: maadamu nafanya kazi kwa tajiri ambaye uwanja wake umejaa magari, haiwezekani akakosa hata kagari kamoja kachakavu ka kumtupia kijana wake akapeleke nyumbani Korogwe.

Sasa kaeni vizuri niwaeleze. Tajiri wangu hana gari.

Hapa ni Iowa, katikati ya Marekani. Mahindi kulia, soya kushoto, na nguruwe wengi kuliko watu: watu ni milioni 3 na ushei, nguruwe wamepita milioni 20. Mji wetu una barabara moja ya maana, makanisa ya kutosha, na duka moja tu la magari mapya. Alilianzisha babu yake tajiri wangu, akalishika baba, sasa liko kwa Mzee mwenyewe, na jina la ukoo limebandikwa juu ya paa kwa herufi ambazo rubani anaweza kuzisoma. Ukipita kwa mara ya kwanza utadhani ndiye Bakhresa wa wilaya.

Lakini yale magari si yake. Kiwanda kinaleta mzigo, benki inalipa, na Mzee analipa riba kwa kila gari, kila siku linayolala uani. Ni mali kauli, mjomba, ila kauli yenyewe ina mkaguzi. Huyo huja bila hodi, kifaa mkononi, anapita gari hadi gari akisoma namba ya chasisi kwenye kioo. Likikosekana moja anauliza: limeuzwa lini, na fedha iko wapi? Maana gari likiuzwa, benki ilipwe chake haraka. Mwenye duka anayechukua fedha hiyo akalipia mishahara kwanza, akitumaini kuziba pengo wiki ijayo, mara nyingi ndiye tunayesikia duka lake limefungwa. Siku ya mkaguzi Mzee hunywa kahawa akiwa amesimama.

Hata gari analoendea nyumbani ni la biashara, limefungwa kibao cha muda, na bei iko palepale kwenye droo ya dashibodi. Mteja akilipenda, Mzee anatoa miwani yake, anatoa tambi za watoto zilizokauka kwenye kiti, anakabidhi funguo. Kuna siku mkewe alikuja kumletea chakula, akaegesha mlangoni, akaingia ofisini kusalimia. Alipotoka gari lake lilikuwa limeshauzwa. Alirudi nyumbani na mimi, kwenye Corolla yangu, bila kushangaa hata kidogo.

Mtauliza, basi faida inatoka wapi? Si kwenye gari jipya. Tangu mwaka 1958 kuna sheria, iliyopiganiwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, kwamba kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei ya kiwanda, kifaa kwa kifaa. Mteja anaisoma, anaingia kwenye simu, anatafuta duka lingine linalouza kwa dola 200 pungufu, kisha anakuja kutuonyesha. Pa kuweka cha juu hapaonekani. Kinachotuweka mjini ni gereji na spea, magari ya mkononi, na chumba kidogo cha nyuma wanakosainia karatasi. Chumbani humo anakaa bwana mmoja mpole, anayenukia vizuri, ambaye hajawahi kumkatalia mtu neno. Mtu anaingia akiwa amenunua gari, anatoka akiwa amenunua dhamana ya miaka ya ziada, kinga ya tairi, na kitu cha kuzuia kahawa isiingie kwenye kiti. Kariakoo wangemheshimu.

Kazi yangu ni kuuza, lakini theluji ikianguka sote ni wafagiaji. Magari yanafagiliwa moja moja kwa fagio la sponji ili rangi isichubuke, na ukimaliza safu ya mwisho, ya kwanza imeshafunikwa tena. Anayestarehe ni lile dubwana la kitambaa linalojazwa upepo na kucheza barabarani ili kuvuta wateja, maana yeye wakati wa baridi anapewa likizo. Mbunifu wake mmoja, kama hamjui, ni Peter Minshall, gwiji wa kanivali wa Trinidad, aliyeshiriki kuyabuni madubwana haya kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996. Dubwana huyo ndiye mwenzangu pekee mwenye asili ya joto, na ndiye mfanyakazi pekee asiyedai kamisheni.

Mzee akitaka kunisikitisha, ananisimulia mwaka 2009. Mwezi Mei, Chrysler ilitangaza kukata mikataba na maduka 789, na General Motors ikawaarifu wengine wapatao 1,100 kwamba mikataba yao haitaongezwa. Wengi walikuwa watu wa miji kama huu, babu na baba. Mzee alinusurika. Kiangazi kilekile serikali ikawa inatoa hadi dola 4,500 kwa anayeleta gari linalokunywa mafuta ili anunue jipya, kwa sharti kwamba injini ya la zamani iuawe. Iuawe, mjomba. Wanamwaga oili, wanajaza dawa inayoganda kama kioo, wanawasha, wanakanyaga mafuta mpaka injini inakaba na kunyamaza. Magari karibu 700,000 nchi nzima yalienda hivyo. Fundi wetu mkuu anasema mengine yalikuwa mazima kabisa. Nilimwomba aache kusimulia. Injini ambayo ingepanda Lushoto na abiria na magunia miaka ishirini mingine!

Jumapili hatuuzi. Sheria ya Iowa inakataza, na Mzee anaishukuru, ingawa haimsaidii kitu. Kanisani wanamvuta pembeni kumweleza giaboksi inavyogonga. Msibani, jeneza bado halijashushwa, mtu anamnong'oneza habari za breki. Hawezi kukimbia, na hawezi kumwuzia mtu gari bovu, kwa sababu Jumatano atakutana naye kwenye mechi ya watoto ambao jezi zao kazinunua yeye.

Halafu kuna maonyesho ya wilaya, kila Julai. Watoto wa wakulima hufuga mnyama mwaka mzima, wanamleta mnadani, na wenye biashara wanatarajiwa kununua kwa bei isiyo na uhusiano wowote na nyama. Mzee alinunua nguruwe wa binti wa mteja wake wa malori, kisha akaniita nisimame naye kwenye picha, mkono mgongoni. Mimi, mtoto wa chuo cha Kurani cha maalim wetu! Nikamweleza taratibu. Akafikiri, akasimama yeye kati yangu na nguruwe. Mwaka uliofuata akamnunua na kondoo, akasema huyu ni wako. Nilimchinja mwenyewe nyuma ya zizi la mkulima mmoja, na Mzee akala mchuzi wa nazi hadi akalegeza mkanda.

Siku hizi ananiita idara ya kimataifa, kwa sababu Wakongo na Warundi wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama huja na familia zao kutafuta gari la kubeba watoto sita. Wakisikia Kiswahili changu cha Tanga wanacheka kwanza, kisha wanaanza kubana bei. Wakongo ndio wabaya zaidi: hata kwao huko wamezoea kuhesabu kwa dola.

Basi mjomba, jina langu liondoe kwenye kamati ya gari. Magari ya hapa usukani uko kushoto, kulisafirisha ni fedha, ushuru ni fedha nyingine, na mwenye mali ni benki. Mchango wangu nitautuma mwisho wa mwezi kama kawaida. Mkipata Noah nzuri Dar, namba E, isiyorudishwa kilomita, msilipe hata shilingi kabla hamjanitumia picha ya injini. Za rimu msinitumie tena.