Mla Betri wa Nyumbani

Corolla yetu ya 1998 ina hiana: hugoma siku ya mgeni. Saa kumi alfajiri, mabegi yamo kwenye buti, mama mkwe amekaa mbele na kanga yake ya safari, nikapiga starta: tk-tk-tk. Taa za dashibodi zikafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Vijana wa bodaboda wakajitolea kusukuma. Tulipofika kona, mmoja akauliza kama gari ni otomatiki. Ni otomatiki, na otomatiki haishtuliwi kwa kusukumwa. Mama mkwe akaenda stendi ya Mbezi kwa bajaji, begi mapajani.

"Baba," aliniuliza akiondoka, "hili gari ulilinunua au ulilirithi?"

Kilichoniuma zaidi, betri ilikuwa mpya, ina wiki tatu tu. Nikaanza kumsaka mla betri. Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwanangu wa pili, anayependa kusikiliza redio garini. Akakana. Wa pili, taa ya buti: tuliacha simu humo ikirekodi, tukafunga. Video ikaonyesha giza tupu. Mama watoto aliniona nikiirudia mara ya tatu, akaguna tu.

Fundi umeme akaja na mita. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 11.8, iliyoshiba husoma karibu 12.6. Tukaboosti kwa gari la jirani, injini ikawaka. Akapima kwenye altaneta: 14.2. Akapima kwenye betri: 12.9.

"Umeme unatoka, haufiki," akasema.

Nikabaki nimekodoa macho. Mama watoto, aliyekuwa akikinga maji bombani, akanijibia: "Pampu nzima, simtanki halijai. Angalieni bomba."

Fundi akacheka, akafungua waya wa ethi, ule wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Chini ya bolti, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na nyuzi kadhaa zilishakatika ndani ya mpira wake. Akaweka waya mpya, akakwangua bodi hadi chuma kikang'aa, akaosha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, akakaza, akapaka grisi. Mita ikasoma 14.1 pale pale kwenye betri.

Bei ya waya haikuzidi nauli ya ile bajaji. Betri ya zamani nilishamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Pengine niliisingizia bure.

Sasa napima kila mwisho wa mwezi. Mama mkwe aliporudi, nilimfuata stendi alfajiri, nikaacha injini inanguruma ili asikie kwa masikio yake. Nikampigia simu. Alikuwa ameshafika nyumbani, anakunywa chai. Alikuja na bajaji.