Maji ya Mbalizi Yananionea

Sogea hapo kwenye benchi, jirani, nikusimulie. Unanionaje? Baba mzima, hapahapa Mbalizi, ukutani kwangu kuna mtambo wa kuchuja maji wenye mitungi iliyojipanga, na kiu ikinishika nakuja kununua soda.

Chanzo ni mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Anakaa Usa River. Alikuja msibani, badala ya kulia akawa anasifia mashine yake ya kuchuja maji, ile wanayoiita RO. Yeye ana haki, bwana. Kule kuzunguka Mlima Meru maji yana floraidi, watoto wanaota meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kule vipo visima vinavyopita hapo kwa mbali. Ngurdoto kuna hadi kituo cha utafiti, wanachuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Sasa hayo yote yalinipita. Nilichosikia mimi ni mke wangu akiguna, "Wenzetu wanaishi." Ukishaambiwa wenzetu wanaishi, basi wewe ni marehemu.

Nikapanda Coaster hadi Mwanjelwa, kwenye duka la mitambo hiyo. Kijana mwenye tai akanichotea glasi mbili, moja ya bomba, moja ya mtambo. Akachomeka kidude cha umeme chenye miguu ya chuma. Mungu wangu! Glasi ya bomba ikageuka uji wa kutu, inatoa mapovu, inatisha. Ya mtambo imetulia, wala haina habari. Kijana akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee wangu, haya ndiyo unawapa watoto?" Duka zima likanigeukia. Mama mmoja akasonya. Nikalipa palepale. Mimi huyu, ambaye nikinunua nyanya za mia tano nasimama kudai nyongeza, sikuomba hata punguzo.

Nyumbani nikamsimulia binti yangu wa kidato cha tatu, nikijua ataogopa. Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, ile kutu imetoka kwenye miguu ya kile kidude! Maji yenye chumvichumvi yanapitisha umeme, chuma kinalika. Yale ya mtambo hayana chumvi, umeme haupiti. Ungetia chumvi kidogo tu kwenye ile glasi safi, nayo ingegeuka." Nikamwambia anyamaze, ada nalipa mimi. Kumbe ndiyo hizo ada.

Fundi akaja. Kabla hata ya kutoboa ukuta akatumbukiza kale kakipimo ka TDS, kanakopima chumvi na madini yaliyoyeyuka. Vijidudu hakavijui. Kakasoma, hata mia haikufika. Fundi akakakung'uta, akadhani betri. Akapima tena. Akanitazama kama daktari aliyekosa ugonjwa. "Bosi, chini ya 300 ladha yake inahesabiwa nzuri sana. Sasa hapa tunachuja nini?"

Nimjibu nini? Maji yenyewe yanashuka milimani, hayana hata kosa dogo la kunisitiri mbele ya fundi! Masika yanakuja na tope, sawa, lakini tope linaishia kwenye chujio la kwanza, lile jeupe la bei rahisi. Homa ya matumbo tunaizuia kwa sufuria tangu enzi za bibi. Nikamwambia funga tu, usiku unaingia.

Ikaja presha. Katikati ya mtambo kuna utando ambao hata chumvi iliyoyeyuka inapenya kwa shida, kwa hiyo maji hayapiti kwa hiari, yanasukumwa. Fundi anataka bar tatu. Tenki langu liko juu ya mbao, mita tatu. Akanifundisha kwamba kila mita 10 za kwenda juu zinakupa bar 1. Maana yake nipandishe tenki mita 30, ndege zinazotua Songwe zianze kunikwepa! Basi nikanunua pampu. Pampu ina bei yake, na inataka umeme. Mgao wa maji ukifika, umeme unaaga. Mtungi wa kwanza ulipojaa nikatafuta glasi nzuri ya wageni, fundi akanishika mkono: huo wa kwanza unamwagwa. Umwagwe!

Na kumwaga hakuishii hapo. Mtambo ukikupa lita moja safi, lita tatu au nne zinatoka nje kwa kimpira chembamba. Mwenye kisima cha chumvi Dar es Salaam atakuelewa. Mimi nimesimama uani, natazama maji mazuri niliyoyalipia yakienda kwenye mchicha.

Mke wangu akaweka ndoo. Kisha jaba. Maana hayo ya kutupwa yameshapita kwenye chujio la tope na kwenye makaa yanayokamata klorini isile utando, ni meupe pe. Baba mkwe katoka Tukuyu, nikamkaribisha glasi ya mtambo, nimeishika kwa mikono miwili. Akapiga funda, akakaa nalo mdomoni muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "haya yamefanywa nini?" Akaomba ya kwenye jaba, mke wangu akamchemshia. Kayasifia!

Sifa zikavuka uzio. Sasa jioni madumu yanapanga mstari mlangoni kwangu, eti maji ya kwa Baba Neema chai inakolea. Bili imepanda. Jana nikasema liwalo na liwe, siwashi. Giza halijaingia, mlango unagongwa. Mama wa genge, dumu mkononi, kanuna kwelikweli. "Baba Neema, mbona leo hutuwashii mashine? Unataka watu tupikie nini?"

Nikaomba radhi, nikaenda kuwasha pampu.