Marahaba Iliyokwama Kooni

Kuna maradhi ya kitoto ambayo mtu mzima akiyapata huchekwa kwanza, pole hufuata baadaye. Mafindofindo ni mojawapo. Mwanamume mwenye ndevu, familia na mkopo wa benki akitangaza kwamba analazwa ili akatwe tonsesi, msikilizaji hutazama pembeni kidogo ili aupange uso.

Hayo yalimkuta mwalimu mmoja wa Jiografia anayeishi Tabata, Dar es Salaam. Hapa tutamwita Mwalimu tu, kwa kuwa mtaani kwake hakuna anayemwita vinginevyo. Koo lake lilikuwa na kalenda yake. Mitihani ya muhula ikikaribia, findo huvimba, homa hupanda, naye hurudi zahanati kuandikiwa antibayotiki zilezile za mara iliyopita. Walimu wenzake walianza kunong'ona kwamba ugonjwa huo una akili nyingi mno, maana haukuwahi kumkamata wakati wa likizo, bali siku zote lilipofika rundo la karatasi za kusahihisha.

Daktari wa masikio, pua na koo hakuuliza habari za karatasi. Aliuliza mara ngapi. Hesabu inayotumiwa na wengi kuamua nani akatwe findo imetokana na utafiti wa daktari wa watoto wa Pittsburgh, Marekani, Jack Paradise, uliochapishwa mwaka 1984: koo liwe limeugua mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Chini ya hapo, mgonjwa hushauriwa avumilie. Mwalimu, mtu wa daftari la mahudhurio, alikuwa ameziandika tarehe zote. Alifaulu kwa daraja la kwanza.

Masharti hayo yanaweza kuonekana kama urasimu wa hospitali, lakini yamekuja baada ya aibu kubwa. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, Marekani na Uingereza zilikata findo za watoto karibu bila kuuliza. Mwaka 1934, Shirika la Afya ya Mtoto la Marekani lilitoa ripoti kuhusu watoto 1000 wa shule za New York. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kukatwa. Waliobaki, 389, walipelekwa kwa madaktari wa shule, nao wakachagua 174 wa kukatwa. Wale 215 walioambiwa wako salama wakapelekwa kwa madaktari wengine, ambao hawakujua kilichotangulia, wakachaguliwa 99. Waliosalia, 116, wakapimwa tena na kundi la tatu, na 51 wakaonekana wanahitaji kisu. Watoto walewale, makoo yaleyale, na kila mara karibu nusu yao walikuwa wagonjwa! Baada ya mizunguko mitatu walibaki watoto 65 ambao hakuna daktari aliyetaka kuwakata. Daktari Harry Bakwin, aliyeisimulia habari hiyo mwaka 1945, anaeleza kwamba zoezi lilikoma hapo kwa sababu madaktari wa kupima walikuwa wamekwisha.

Kwa hiyo Mwalimu alipoambiwa kwamba anastahili, alistahili kweli. Akasaini fomu ya ridhaa, bima ikakubali, akafunga usiku kucha bila kula.

Kuhusu upasuaji wenyewe hakuna mengi ya kusimulia, kwa sababu mhusika mkuu alikuwa amelala. Nusukaputi ikiisha kumchukua mgonjwa, madaktari humfungua kinywa kwa chuma maalumu na kuziondoa findo kwa kupitia humohumo mdomoni. Hapakatwi popote nje. Mahali zilipokuwa findo hapashonwi kama jeraha la mguuni. Huachwa wazi, papone penyewe. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma ya kale, aliagiza findo zikwanguliwe kwa kidole. Mwalimu aliisoma habari hiyo kwenye simu akiwa wodini, akaona afadhali amechelewa kuzaliwa.

Tatizo la kutokuwa na jeraha la nje lilijitokeza alipofika nyumbani. Desturi ya kumjulia hali mgonjwa ina sehemu mbili, pole na ushahidi. Aliyevunjika mguu ana plasta ngumu, aliyepasuliwa tumbo ana bandeji. Huyu amekaa sebuleni, uso mzima, shati limepigwa pasi, na haongei. Wageni walitaka kuona. Jirani wa kwanza akawasha tochi ya simu, akamwambia apanue, akachungulia. Kisha akajirudisha nyuma taratibu na kumtazama mke wa Mwalimu kwa macho ya msiba.

"Dada, huku kuna usaha."

Taharuki ikaingia nyumbani. Ndugu walipigiwa simu hadi Handeni. Kumbe alichokiona jirani ni utando mweupe wa kijivujivu ambao mwili huuweka juu ya kidonda cha kooni. Kidonda cha ngozi hukauka na kufanya gaga jeusi. Cha kooni kimelowa mate saa zote, hivyo gaga lake hubaki jeupe. Muuguzi alilieleza jambo hilo kwa simu kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi. Kuanzia hapo wageni walikuja na tochi zao wenyewe, na mmoja alileta watoto wake waone sayansi.

Utando huo una harufu. Tusizunguke: mdomo wa mtu aliyekatwa findo hunuka kwa siku kadhaa, hata apige mswaki namna gani. Ndani ya maafa haya yote, harufu peke yake ndiyo iliyomsaidia Mwalimu, maana ilifupisha ziara. Waliokuja kukaa mpaka magharibi walikumbuka ghafla kwamba wameacha maharage jikoni.

Halafu sikio. Alijiandaa kwa maumivu ya koo, na aliyapata, makali kuliko alivyotarajia. Mtu mzima huumia zaidi ya mtoto na kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi hadi wiki mbili, na siku za katikati huwa mbaya kuliko ya kwanza. Hakujiandaa kwa sikio. Lilianza kuchoma kwa ndani kila alipomeza, na usiku aliamka akiwa na hakika kwamba madaktari wamekosea chumba cha mwili. Jirani mwenye tochi alishauri mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Sikio halikuwa na kosa. Mshipa mmoja wa fahamu unahudumia koo na sikio la kati, na koo likipiga kelele, ubongo hushindwa kujua kelele imetoka mlango upi. Paracetamol iliyonywewa kwa saa, bila kungoja maumivu yapande, ilifanya kazi ambayo mafuta yasingeifanya.

Kupiga miayo kukawa adhabu. Kupiga chafya, usiulize.

Chakula kiligawa familia. Watu wote wa Tabata walijua kwamba aliyekatwa tonsesi hulishwa aiskrimu, na watoto wa Mwalimu waliliunga mkono wazo hilo kwa moyo mkunjufu, wakala nyingi kuliko mgonjwa. Aiskrimu haina ubaya, baridi yake hutuliza. Ila hospitali nyingi za Uingereza siku hizi humtaka mgonjwa ale chakula cha kawaida mapema, hata mkate mkavu, kwa kuwa misuli ya koo isiyotumika hukakamaa, na iliyokakamaa huuma zaidi. Kwingine wanasisitiza vinywaji kwanza, mengine baadaye. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja: mgonjwa ameze, ameze, ameze, hasa maji, kwa sababu asiyekunywa hukaukiwa na kurudishwa wodini kwa dripu. Yaani dawa ya kidonda ni kukifanyisha kazi ileile inayokiumiza. Mwalimu aliona daktari aliyebuni ushauri huo atakuwa alipata kuwa mwalimu wa zamu.

Mtori ulipita, uji ulipita, madafu yalipita. Juisi ya ukwaju haikupita. Shemeji aliileta kwa upendo, ya baridi, na Mwalimu akapiga funda moja kubwa. Ukwaju, ndimu, machungwa na kila kilicho kichachu hukichoma kidonda kibichi kama betri ya gari iliyofunguka. Machozi yalimtoka. Shemeji, akiyaona, aliguswa sana na shukrani hiyo, akaahidi kuleta nyingine kesho.

Ila balaa kubwa lilikuwa salamu.

Mwalimu wa mtaani hawezi kwenda dukani bila kushikamoliwa. Wanafunzi wa sasa, wanafunzi wa zamani, wadogo zao, kila mmoja ana shikamoo yake, na shikamoo isiyoitikiwa ni tusi. Alijaribu kuinua mkono. Watoto wakadhani hajasikia, wakarudia kwa sauti kubwa, wote kwa pamoja. Alijaribu kutikisa kichwa, wakaelewa kwamba amekataa. Kwa wazee ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu huko yeye ndiye anayepaswa kuanza. Aliinama mbele ya mzee wa msikiti huku ameshika koo. Mzee alimtazama, akasubiri, kisha akamwambia muuza kahawa kwamba mishahara ya serikali imepanda.

Mkewe alipata dawa. Alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: SAMAHANI, NIMEKATWA TONSESI. MARAHABA. Akakifunga kamba na kumvalisha shingoni. Wazo zuri, lenye kasoro moja. Waliosoma walisimama. "Oo, pole sana Mwalimu! Kwani ilianzaje? Walikukata kwa kisu au kwa mashine? Bima inalipa?" Kisha wakangoja majibu.

Siku ya kurudi kliniki alipanda daladala. Kwenda hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi alitakiwa kushuka kituo cha Bima, na kwenye daladala la Dar abiria hushuka kwa mdomo. Lazima useme "Shusha!" kwa sauti ya kuushinda muziki na konda kwa pamoja. Mwalimu alifungua kinywa, ikatoka hewa. Aligonga bati, konda akadhani anafuata mdundo wa wimbo, akamwongezea sauti. Alimshika bega abiria wa mbele na kumwonyesha kile kibao cha shingoni. Abiria alikisoma chote kwa makini na kujibu, "Pole, kaka." Hivyo mtu aliyelipiwa matibabu yote na bima alipitishwa Bima, akafikishwa Segerea, penye gereza ambako Watanzania wengi hupelekwa bila kupenda.

Kuna sehemu moja ya habari hii isiyochekesha. Kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, ule utando mweupe hubanduka, na hapo mshipa mdogo wa damu unaweza kuachia. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa 453 wa miaka 16 na kuendelea, karibu mmoja kati ya kila watano waliofanyiwa upasuaji alitokwa na damu. Mwalimu alitema mate yenye wekundu usiku mmoja, na safari hii mkewe hakumngoja jirani na tochi. Alimpakia kwenye bajaji moja kwa moja hadi hospitali. Ilikuwa kidogo, ikakoma, wakalazwa wote wawili hadi asubuhi, mmoja kitandani na mwingine kwenye kiti. Aliyekatwa findo akitoka damu mbichi hakai nyumbani kusubiri kuche, wala hamezi aspirini, ambayo huizuia damu kuganda.

Aliporuhusiwa, alimkuta shangazi yake amefika kutoka Handeni kwa ajili ya ule usaha wa kwenye simu. Shangazi hakuridhika na habari yote. Kwa maoni yake hilo lilikuwa suala la kimeo, na kimeo kina wataalamu wake kijijini, wanaokikata kwa bei ya kuku. Mwalimu, ambaye sasa aliweza kunong'ona, alimweleza kwamba kimeo ni kile kinachoning'inia katikati, findo ziko pembeni, na kwamba ukataji wa kimeo vijijini, kwa wembe, umewaachia watoto wengi damu isiyokoma na vidonda vilivyooza, huku kikohozi kilichowapeleka huko kikiwa kimetokana na kifua. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Pole, mwanangu," akasema, "naona bado homa haijakutoka."

Alipona. Sauti ilirudi, nzito kidogo, na wanafunzi walisema inafaa zaidi kwa mada ya volkano. Mitihani ya muhula ilikuja na kupita bila homa, rundo la karatasi likasahihishwa kwa wakati, na wenzake wakakosa la kunong'ona. Hapo ndipo masika yalipoingia, na mafua pamoja nayo, na koo likamuwasha.

Aliona ameibiwa, lakini hakuwa ameibiwa. Findo zikiondoka, koo linabaki, na virusi vya mafua havihitaji findo ili kuliumiza. Katika ule utafiti wa Uingereza, waliokatwa mapema waliumwa koo kwa wastani wa kati wa siku 23 katika miaka miwili, na wale walioendelea kutibiwa kwa dawa tu siku 30. Ni nafuu ya kweli, na kwa mtu aliyezoea vitanda vya zahanati si ndogo. Mwalimu alimsomea shangazi takwimu hizo kwenye simu, polepole, moja baada ya nyingine, akikohoa katikati.

Upande wa pili kulikuwa na kimya kifupi, na sauti ya kuku.

"Sasa, mwanangu," shangazi akauliza, "hao watu walikukata nini?"