Sailensa Haikai

Tulipopeleka posa ya shemeji yangu Vigwaza, mume wangu alisalimia wakwe akiwa ndani ya gari, mguu kwenye resi. Si kwamba ana kiburi. Hilux yetu ni ya mwaka 1986, injini ya 22R ya petroli, yenye kabureta, na siku hizo ukiiachia resi ilikuwa inatetemeka mpaka milango inalia, inakohoa mara mbili tatu, kisha inazima. Kuiwasha tena kulitaka watu wa kusukuma, na watu wenyewe tuliokwenda nao walikuwa wamevaa kanzu. Basi wazee wa upande wa mwali wakawa wanatoka mmoja mmoja kumpa mkono dirishani. Mtu akiulizwa habari za kwetu Magindu, jibu linamezwa na muungurumo. Baadaye tulisikia kwamba walijadiliana kwa muda kama bwana yule alikuja kuposa au kutafuta ugomvi.

Tuliporudi nyumbani kila mtu akawa fundi. Mama mkwe, aliyezaliwa kando ya reli na kuzeekea kando ya reli, alianzia kwa Mjerumani. Reli ile ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka 1907 ikawa imefika Morogoro, na treni inasimama na kuondoka bila kusukumwa na watu wa kanzu. Nikamkumbusha kuwa hata treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, haisimami kwetu. Ikitoka Ruvu inakwenda kusimama Ngerengere. Akaniambia, "Mwanangu, ile haisimami kwa maringo. Hili la mume wako haliwezi kusimama kwa maradhi."

Shemeji yeye alisema ni mafuta. Petroli ya chupa, ile ya kununua kibandani, imechanganywa na mafuta ya taa. Hoja hiyo ilikuwa na miguu zamani. Ndiyo maana EWURA walianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka faida ya kuchakachua ikapungua sana. Lakini shemeji akishashika jambo haliachii. Akafungua tangi, akamimina petroli yote kwenye ndoo ya kuogea, ndoo akaiweka jikoni, kivulini, hatua chache kutoka kwenye mafiga. Nilichosema siku ile sikiandiki hapa. Petroli mpya ikaja kutoka kituo cha Mlandizi. Gari likawashwa, likatetemeka vilevile.

Hapo ndipo alipochomoa waya zote nne za plagi kwa mpigo, akazifuta vumbi, akazirudisha kwa mpangilio wa kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Injini ile haichomi hivyo. Inachoma ya kwanza, kisha ya tatu, ya nne, ndipo ya pili. Mume wangu alipogeuza ufunguo, kabureta ilipiga mlio wa bunduki, moto ukatoka juu, kuku wakaingia mahindini na mmoja hatukumwona mpaka jioni.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Mlandizi, kijana mwembamba asiyependa maneno. Alizirudisha waya mahali pake, akawasha, akamwambia mume wangu akanyage resi kidogo tu isizime. Kisha akawa anachomoa waya moja, anasikiliza, anairudisha, anakwenda nyingine. Ya kwanza alipoichomoa injini ikazidi kuyumba. Ya pili, ikazidi. Ya tatu alipoichomoa hakukuwa na tofauti yoyote. "Huyu halimi," akasema, "anakula bure." Akaitoa plagi ya tatu, ilikuwa imelowa petroli, akaihamishia ya pili, na ya pili akaipeleka ya tatu. Ubovu haukuhama. Plagi zilikuwa nzima, na mwanya wake ule ule wa milimita 0.8. Akasema turudi giza likiingia, akaenda kukaa na chai yake.

Usiku alifungua boneti, taa zote zimezimwa, injini inanguruma. Nilikuwa nimeshika kanga yangu isije ikanaswa na mkanda wa feni, na nikaona: kwenye waya ya tatu, karibu na chuma, cheche ya buluu inaruka, tik, tik, tik. Umeme uliotakiwa kwenda kwenye plagi ulikuwa unashukia njiani. Mpira wa waya ile ulikuwa umetafunwa.

Waya ikabadilishwa na kukohoa kukaisha. Sailensa hata hivyo ikawa bado haikai. Gari likiwa njiani safi kabisa, likisimama linatetema. Shemeji akaanza tena kuitazama ndoo. Fundi yeye aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: breki zikoje? Mume wangu akakiri ni ngumu, tangu wiki kadhaa, ila yeye alidhani ni viatu vipya. Kijana akachukua plaizi, akaubana ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki. Injini ikatulia papo hapo. Akaachia, ikatetema. Akabana, ikatulia. Upande wa chini wa mpira kulikuwa na tundu la kuingia kidole, na kandokando yake alama za meno.

Injini ilikuwa inavuta upepo pasipotakiwa. Ukikanyaga resi, upepo huo unakuwa kidogo kuliko ule halali na gari linasahau ugonjwa. Ukiachia, unakuwa mwingi kuliko petroli.

Ikabaki kesi ya panya. Gunia za ufuta zilikuwa zimelala kwenye bodi zikisubiri kupelekwa chama cha msingi, na panya wakishiba huko nyuma wanahamia kwenye injini kwa ajili ya joto. Mama mkwe alisikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole isiyo ya kawaida, paka wake yuko wapi. Paka alikuwa kwa jirani. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemfukuza, kwa kosa la kulala juu ya boneti na kuichafua kwa nyayo.

Asubuhi alikwenda kumwomba. Jirani hakukataa, ila alieleza kuwa paka amezaa, na kwamba mama na watoto hawatenganishwi. Halafu akakumbuka kwamba naye ana gunia zake za ufuta, na kwamba amesikia Hilux siku hizi inasimama vizuri.