Blanketi la Budalang'i na Kuku wa Kukhu

Ugomvi uliokaa muda mrefu kuliko wote katika nyumba yetu hapa Tongaren haukuhusu mpaka wa shamba wala karo. Ulihusu pindo la blanketi. Ulianza wakati wa mavuno ya mwaka 2023, ukavuka Krismasi, ukaziona shule zikifunguliwa na kufungwa, na haukupata mwamuzi hadi mafuriko ya mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa upande wa pindo, na niko huko mpaka leo.

Akina mama wa kanisa letu la Marafiki hushona blanketi za viraka kwa ajili ya watu wa Budalang'i. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini tuwawaze watu wa mbali hivyo, lakini ukifuata mto utaelewa. Nzoia inatoka milima ya Cherang'any, inakusanya maji ya Mlima Elgon, inapita huku kwetu, kisha inateremka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Mvua inayotunenepeshea mahindi ndiyo hiyo hiyo inayowatoa wenzetu kitandani usiku. Matuta ya kuzuia mto yalibomoka mwaka 2003, yakabomoka tena mwaka 2008. Hata yakisimama imara, ziwa lenyewe hufura na kurudi mashambani, kama lilivyofanya mwaka 2020. Kwa hiyo tuliamua kushona mapema, wakati wa kiangazi, bila kungoja taarifa ya habari. Mama akishafika kambini na watoto wamelowa, muda wa kukata viraka umekwisha.

Vitambaa tunavipata kwa mafundi wa Kitale na wa hapa sokoni. Fundi anayeshona sare za shule hubakiwa na vipande vingi: kijani cha chupa, buluu, maruni, kijivu cha kaptula. Kwangu mimi hakuna kitambaa kinachoshinda hicho. Kimetengenezwa kiburutwe na mtoto kwenye vumbi mwaka mzima, na rangi yake haikimbii. Vitenge ni vizuri kwa macho, ila lazima vifuliwe kwanza kabla ya kukatwa, maana kitenge kipya hunywea, na chekundu kikikutana na maji ya moto kinaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Katikati tunatia blanketi kuukuu. Bora kuliko zote ni zile za Raymond zilizofumwa Eldoret enzi hizo, ambazo hata zikitoboka bado zina joto. Chini tunaweka shuka. Tabaka hizo tatu tunazifunga kwa uzi wa kufuma: unadunga sindano nene kwenda chini, unairudisha juu hapo hapo, unafunga fundo mara mbili, unakata ukiacha mkia wa urefu wa kucha. Fundo hadi fundo ni upana wa kiganja. Ukiweka mbali zaidi ya hapo, kile kilichomo ndani kitajikusanya pembeni mara tu litakapofuliwa.

Halafu ndipo linakuja pindo. Ni ukanda mrefu unaozungushwa ukingo wote wa blanketi, ukakunjwa mara mbili ili ncha yoyote mbichi isionekane, ukashonwa mbele na nyuma. Penye kona unakunja pembe, unaipiga kwa kidole gumba mpaka ilale, unashona mahali pale mara mbili. Kazi hiyo hula muda karibu sawa na blanketi zima, na ndiyo iliyoleta vita.

Mwalimu wetu ni mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita kukhu, yaani bibi, na sisi wote tumewafuata. Alikuja hapa akiwa bibi arusi, katika miaka ile ya 1960 ambapo mashamba ya walowezi yalikuwa yanagawanywa kuwa skimu na kila familia ikapewa namba yake. Kushona alijifunza kwenye chama cha Maendeleo ya Wanawake, na cherehani lake la kukanyaga limekaa chini ya dirisha la sebule tangu kabla sijaolewa. Yeye hasemi sana. Pindo likipinda anafumua, basi.

Sasa, mwezi wa Novemba mwaka 2023 mvua ya El Niño ilitukuta mahindi yako nje. Yeyote anayelima upande wa Bungoma Kaskazini au Trans Nzoia anaijua hofu hiyo. Mahindi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya ghala la Halmashauri ya Nafaka kuyapokea, na yasipokauka yanaota ukungu, yanaingia sumukuvu, na hapo hata ng'ombe hupaswi kumpa. Serikali ilileta mashine za kukaushia mwaka huo, lakini sisi tulikuwa tunategemea jua na turubai moja, mahindi yakiwa yamezidi turubai mbali sana.

Alasiri moja blanketi letu kubwa lilikuwa limetandazwa juu ya viti vya sebule, mafundo yote yamefungwa, limebaki pindo tu. Wingu likateremka kutoka Elgon bila hata ngurumo. Baba watoto akapiga kelele, na nyumba nzima ikatoka mbio: watoto na mabeseni, shemeji na toroli, kukhu akiwa barazani akielekeza kwa fimbo yake wapi paanze kuzolewa. Mimi nilikuwa nimeinama na gunia mdomo wazi nilipomwona mume wangu anatoka ndani amekumbatia kitu kikubwa chenye rangi nyingi. Alikitandaza juu ya rundo la mahindi kwa mkupuo mmoja, akaweka mawe kwenye pembe, akarudi mbio kuchukua kingine.

Kusema haki, aliokoa mahindi. Yale yaliyokuwa chini ya blanketi hayakulowa, kwa sababu blanketi lilikunywa maji yote. Tulipojaribu kulinyanyua jioni lilikuwa zito kama ndama aliyekufa, na kila uzi wa lile blanketi la Raymond lililokuwa ndani ulikuwa umeshika makapi. Kitenge chekundu ambacho mama mmoja wa kikundi alituhakikishia kwamba kimefuliwa kilikuwa kimelia juu ya vipande vya buluu, vikawa na madoa ya zambarau.

Mahindi yale ndiyo karo ya Januari. Nilijua hivyo wakati nikilia na nilijua hivyo nilipokuwa nimemnunia mume wangu. Sikuona sababu ya kuacha kimoja kwa ajili ya kingine.

Wakati wa chakula akasema lile neno lililotupeleka hadi mwaka uliofuata. "Mama watoto, lianikeni likauke, mlipeleke hivyo hivyo. Mtu aliyetoka kwenye maji hatazami pindo. Anataka joto." Shemeji akaitikia kwa kichwa huku anamega ugali.

Nilimjibu kwamba mtu aliyetoka kwenye maji ndiye hasa anayehitaji pindo. Blanketi la kambini haliishi kitandani. Linatandikwa juu ya majani, linaburutwa na mtoto, linafuliwa mtoni bila sabuni ya kutosha, linaanikwa kwenye miiba. Linaanza kufa ukingoni. Ncha ikiachwa mbichi uzi mmoja unatoka, wa pili unaufuata, na baada ya msimu mmoja wa mvua yule mama ana viraka mkononi na kijiblanketi cha kumfunika mtoto mmoja badala ya watatu. Na hata kama lisingechanika, mimi sitaki kumpa mtu aliyepoteza nyumba kitu ambacho nisingekitandika kwenye kitanda cha mgeni wangu. Amepoteza mlango, sufuria na vitabu vya watoto. Heshima yake hakuipoteza, na sisi tusiwe wa kwanza kuichukua.

Kukhu alinawa mikono, akaomba mkasi. Usiku ule ule, kwenye taa ya sola, akaanza kukata mafundo.

Tulifumua lote. Tabaka zikatenganishwa, kila moja ikafuliwa peke yake. Vipande vyenye madoa vikatolewa, na shuka la chini, lililochanika chini ya yale mawe, likatupwa. Kukhu akatazama huku na huku kutafuta shuka jingine, macho yake yakatua dirishani. Baba watoto aliporudi kutoka Ndalu siku iliyofuata alikuta sebule haina pazia, na jirani aliyekuwa akipita barabarani akamsalimu kupitia dirishani akiwa bado anavua viatu. Vitambaa vya viti navyo vilikuwa vimekwenda, vile nilivyofuma mwenyewe kabla ya harusi. Aliketi kwenye sofa tupu, akauliza chai. Hakuuliza kitu kingine, na nilimheshimu kwa hilo.

Lile blanketi la Raymond lilipokauka nililikunja nikaliweka kwenye kikapu kikubwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikingoja vipande vipya. Hapo ndipo tetea wa kukhu alipolipenda. Siku niliyokwenda kulichukua nilimkuta amelala juu yake amejitanua, na nilipoingiza mkono akanipiga mdomo. Chini yake kulikuwa na mayai.

Nilitaka kumhamisha. Kukhu akakataa katakata. "Mayi, kuku akihamishwa anayaacha. Hayo ni ya wajukuu." Katika boma la Mbukusu hakuna anayebishana na bibi juu ya kuku. Yai la kuku huchukua siku 21, na siku zote hizo blanketi la watu wa Budalang'i lilikuwa kitanda cha uzazi nyuma ya mlango wa jikoni. Baba watoto kila akipita alikuwa akiniambia kwamba kuku naye hajauliza pindo.

Katika majuma hayo nilikuwa nikisoma habari za Wasidi wa Karnataka, India. Wazee wao walitoka huku Afrika Mashariki na sehemu nyingine za bara hili, wengi wao wakavushwa bahari wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona blanketi za viraka ziitwazo kawandi, wakitumia nguo kuukuu kama sisi, lakini mpango wao umepinduka: wanaanzia kwenye kona, wanashona ukingo wote, kisha wanazunguka kuelekea ndani hadi wafike katikati. Kwenye kila kona wanabandika kitambaa kidogo kilichokunjwa pembetatu, wanachokiita ua. Bila maua hayo kawandi iko uchi. Habari hiyo ilinifurahisha kupita kiasi. Nilimsomea mume wangu yote. Akasema wanawake hao hawana mahindi ya kuanika.

Vifaranga walitoka, wakahamia kwenye banda, na blanketi likachemshwa, likafuliwa, likakaa juani hadi likasahau harufu. Januari tukauza mahindi, karo ikalipwa. Tukaanza upya na vipande vipya, mafundo yakarudi mahali pake, pazia langu likawa upande wa chini. Ilipofika zamu ya pindo, ukanda wa cherehani ukakatika. Shemeji akatengeneza mwingine kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukavutika, gurudumu likawa linazunguka bila kushika. Kwa hiyo tukakaa na sindano za mkono, na kwa kuwa ilikuwa Machi na watu wote walikuwa wanapanda, kazi ilikwenda polepole sana.

Halafu mvua za 2024 zikaja. Zile zilizouangamiza mji wa Mai Mahiu mwishoni mwa Aprili zilikuwa hizo hizo. Kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa, kisha kukaahirishwa tena, na watoto wakabaki nyumbani hadi zilipofunguliwa tarehe 13 Mei. Nzoia ilipita hapa ikiwa na rangi ya udongo wa mashamba yetu. Budalang'i watu wakahama. Katibu wa kikundi akapiga simu: gari linaondoka asubuhi kupitia Bungoma na Busia, kila mwenye blanketi alilete likiwa limekamilika. Letu lilikuwa limebakiza upande mmoja mzima na kona mbili.

Tuliketi sebuleni, dirisha bado liko wazi, mvua ikipiga mabati hata hatusikilizani. Kukhu upande mmoja, mimi mwingine, kifungua mimba wetu akitutungia nyuzi kwenye sindano ili tusipoteze muda. Macho ya kukhu yalipochoka, baba watoto akavuta kiti, akaomba sindano yake. Anajua kushona magunia, kila mkulima huku anajua, na mkono wake una nguvu. Lakini gunia halina kona. Alipofika pembeni alikunja, ikatoka nundu. Akafumua mwenyewe, bila kuambiwa. Akakunja tena, akaipiga kwa kidole gumba, akainua kwenye taa, akanionyesha. Ilikuwa imelala vizuri. Nikamwambia ashone mahali pale mara mbili.

"Kwani mara moja haitoshi?"

"Mtoto ataivuta hapo hapo," nikamjibu.

Alishona mara tatu.

Asubuhi alilifunga kwenye nailoni, akalibeba mwenyewe hadi barabarani, akasimama hapo kwenye matope mpaka gari likaja, akawaeleza waliokuwa ndani kwamba lisiwekwe chini ya magunia ya unga. Aliporudi alikuwa na wazo. Blanketi lijalo tulianze sasa, alisema, tusingoje mavuno, na yeye atakwenda Kitale kuleta vipande vya sare kwa yule fundi wa karibu na stendi. Kukhu alikuwa barazani anawatupia vifaranga chenga za mahindi. Akamwambia vipande vinaweza kungoja, kwanza anunue turubai la pili.